Tulisema ni Geti

3 Machi

Dada yangu,

Watoto wazima, cherehani zote mbili zinafanya kazi, na sare za shule zilizobaki ni kumi na moja. Hayo ndiyo niliyokuambia kwenye simu juzi. Mengine sikuweza kuyasema kwa sababu mteja alikuwa amesimama mbele yangu nampima kiuno.

Ni kuhusu shemeji yako. Huu ni mwezi wa tano yuko kule kwenye stoo ya kampuni, anagawa misumari na glavu. Likizo ya Desemba hakuja. Alisema mwenzake anaumwa, hakuna wa kushika funguo. Nikipiga simu anajibu yuko salama, godoro zuri, chakula kizuri, kisha anasema wenzake wanasubiri kulala. Saa kumi na mbili jioni, dada. Nani analala saa kumi na mbili?

Wewe ni mkunga, umesikia mengi kuliko haya, kwa hiyo nitasema tu. Ile Jumapili ya mwaka jana moyo ulipomgoma, hakuwa anainua geti kama nilivyowaambia. Watoto walikuwa kwa shangazi yao. Tulikuwa wawili chumbani, saa tatu asubuhi, tukakutana kama mke na mume, na tulicheka sana siku ile. Akainuka kwenda kuoga. Nikasikia ndoo imeanguka.

Hospitali daktari aliuliza, "Alikuwa anafanya nini?" Nyuma yake alikuwepo mkuu wa karakana, na mama mkwe, na wewe. Geti la jirani lilikuwa uani kweli, alikuwa analichomelea. Nikasema alikuwa analiinua. Yeye alikuwa na mpira wa hewa puani, akanitazama, akafumba macho.

Unajua kilichofuata. Karakana wakasema mtu aliyeangushwa na geti hawezi kurudi kwenye moto, wakampa stoo. Miaka ishirini na mbili watu wanamwita Cheche, leo anashika daftari la misumari, na ni kwa mdomo wangu.

Halafu wewe uliniambia pale kwenye korido, "Sasa mwache apumzike, usimsumbue." Nikamwacha. Nikahamia chumba cha wasichana, nikasema kuna joto. Akinigusa mgongoni nasema mgongo unauma. Siku moja aliniuliza kama ananuka dawa. Nikamwambia ndiyo, kidogo. Nilisema hivyo ili aniache, dada, maana nilikuwa nahofia kumuua. Akaniacha. Mwezi uliofuata aliomba mwenyewe kwenda mbali.

Niambie jambo moja bila kunionea huruma. Ni mimi niliyemwangusha?

Mdogo wako,
Sindano


6 Machi

Shemeji,

Pokea salamu zangu kupitia dereva wa lori la kampuni. Usishangae kuona mwandiko wangu, najua mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa kadi ya mwaliko wa harusi.

Nakuandikia kwa ajili ya rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja. Ni mtu mzima, ana miaka hamsini na tatu. Aliwahi kupata shida ya moyo, akapona. Ana vidonge vyake vya kila siku na kimoja cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana.

Tangu augue, mkewe hamtaki. Hakumfukuza, hapana, ni mama mzuri, alimpikia na kumfulia. Lakini akimsogelea, yule mama anakuwa kama aliyeshika chuma cha moto. Mwisho alimwambia ananuka dawa. Rafiki yangu amekuja huku ili asimchukize mtu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na yeye pia hana uhakika kama bado anaweza. Mwili umekuwa mzito kwa jambo hilo.

Sasa hapa kuna mchuuzi anapita na dawa za nguvu, vidonge vya rangi ya anga, havina hata jina. Vijana wa hapa wanavisifia. Rafiki yangu amenunua viwili. Mwisho wa mwezi ana likizo, anataka aende nyumbani akaonyeshe kwamba hajawa gogo. Anauliza kama vina shida na moyo.

Nakuomba usimwambie mdogo wako. Atadhani ni mimi.

Shemeji yako,
Cheche


12 Machi

Shemeji,

Huyo rafiki yako anaandika herufi zake kwa kuzichongoa kama wewe, na ana umri wako, na mke kama wako. Nitamjibu yeye, wewe msomee.

Mwambie asimeze vile vidonge. Sisemi hivyo kwa kumwonea haya. Dawa za aina ile zikikutana mwilini na kidonge cha chini ya ulimi, presha inaweza kushuka ghafla hadi mtu asiinuke tena. Na vya mchuuzi hakuna ajuaye kilichomo ndani. Kama ameshameza na kifua kikambana, asiweke kile cha chini ya ulimi. Akimbizwe hospitali na aseme kila alichomeza, hata kama nesi ni binti wa umri wa mwanawe.

Kuhusu uwezo wenyewe: kutengana, woga na kinyongo vinamaliza nguvu za mwanamume kuliko ugonjwa. Vidonge vingine vya presha navyo hufanya hivyo. Tiba yake ni kumwambia daktari ambadilishie. Asijiachishe mwenyewe. Naomba umuulize rafiki yako swali hili, na anijibu kweli: vya presha alikuwa anavimeza kabla ya kuanguka?

Na mwambie mkewe anaweza kuwa na sababu asiyoijua. Zaidi ya hapo siwezi kusema. Nimekaa katikati yenu na mdomo wangu una kufuli pande mbili.

Shemeji yako


12 Machi

Mdogo wangu,

Umesema nisikuonee huruma. Haya.

Hapana, hukumwangusha. Moyo unaogoma siku moja huwa umeanza kuziba miaka mingi nyuma. Ni kweli jasho lolote, la geti au la kitandani, linaweza kuukuta moyo ulio tayari kugoma, lakini wanaoangushwa na tendo la ndoa ni wachache sana. Ungemkuta anapanda ngazi ungeilaumu ngazi?

Mtu aliyepona na kutulia, anayepanda ghorofa mbili kwa mwendo wake bila kifua kubana wala kuhema vibaya, kwa kawaida daktari humruhusu kurudi kwa mkewe. Wengi huruhusiwa baada ya wiki chache tu. Wiki, mdogo wangu. Na lina faida yake. Ni zoezi jepesi, linalegeza mwili, usingizi unakuja, mawazo yanapungua, na watu wanaogusana wanaubeba ugonjwa wawili. Si dawa ya moyo, halichukui nafasi ya vidonge wala kutembea. Lakini kulikosa kwa woga, mwaka mzima, nako kunaumiza. Zamu zangu za kliniki ya presha nawaambia hivi wagonjwa kila wiki.

Wewe sikukuambia. Hilo ndilo ninalolirudia tangu nisome barua yako. Pale kwenye korido nilikuwa natoka zamu, miguu imevimba, nikakupa sentensi moja nikaondoka. Nilimaanisha siku zile za mwanzo, wodini. Mke wa mgonjwa mwingine ningemkalisha nusu saa, nikamwambia lini na vipi. Wewe niliona aibu. Nikasema moyoni, huyu nimemfunga nepi, nitamwelezaje mambo ya kitanda na mumewe. Aibu yangu ndiyo imekutoa chumbani kwako.

Ile habari ya kunuka dawa hiyo ni yako, siwezi kukubebea. Mwandikie mwambie. Usingoje simu.

Dada yako


18 Machi

Baba watoto,

Nimechana karatasi nne. Hii ya tano nitaituma ilivyo.

Hukuwa unanuka dawa. Ulikuwa unanuka sabuni ile ya mche na chuma, kama siku zote. Nilidanganya.

Ile Jumapili niliposikia ndoo, nilikukuta umekaa chini na maji yanakupitia miguuni, uso umekuwa wa majivu. Nikajua nimekuua. Si ugonjwa, mimi. Maana ndiye niliyekuvuta mkono asubuhi ile ulipotaka kwenda kwenye geti la watu. Ulisema, "Jirani anangoja." Nikasema angoje. Unakumbuka. Nikasema angoje, na nusu saa baadaye nakuvalisha suruali ili watu wasikukute hivyo.

Kisha nikasema ni geti. Wewe ukafumba macho, nikadhani unanilaani.

Toka hapo kila ukinisogelea naona ule uso. Nikatafuta joto, nikatafuta mgongo, mwisho nikatafuta neno litakalokukata kabisa. Nililipata. Nilikuona ukienda kuoga mara mbili siku ile, ukarudi ukakaa sebuleni peke yako. Nilikuwa chumba cha pili nashona vifungo.

Dada ameniambia moyo ukishatulia hakuna ubaya. Daktari akuangalie kwanza, basi. Nimekunyima na kujinyima mwaka mzima kwa jambo ambalo ningeuliza siku moja.

Ukinichukia nitaelewa. Lakini usinichukie kwa sababu uliyokuwa nayo, kwa maana hiyo haikuwa kweli.

Mkeo


26 Machi

Mama watoto,

Barua yako imenikuta kwenye kitanda cha zahanati ya kampuni. Usiinuke, kaa. Nimetoka jana, niko sawa.

Nitakuambia kama ilivyokuwa. Nilikuwa nimenunua vidonge vya nguvu kwa mchuuzi. Nilimwandikia dada yako nikijifanya ni rafiki yangu, akanijua kwa mwandiko. Akanikataza. Barua yake niliipata Alhamisi. Jumamosi mchana, vijana wameenda mpirani, nikameza kimoja. Nilikuwa nimeshasoma, nimeelewa, nikameza. Nilisema kama nitakufa nife nikijaribu, kuliko kuja kulala peke yangu nyumbani kwangu tena. Nadhani ni siku hiyohiyo uliyokuwa unaniandikia.

Baada ya saa moja kichwa kikawa kizito, kifua kikaanza kubana. Nikatoa kile cha chini ya ulimi, ndiyo mazoea. Nilikuwa nacho kiganjani, nikakumbuka mstari wa dada yako, kwamba nisiweke. Nikakirudisha mfukoni. Nikamwita mlinzi wa lango. Zahanati kulikuwa na daktari kijana, mwanamke, nikamwambia kila kitu huku natazama ukuta. Hakucheka. Alinipima, akaniweka siku kadhaa. Moyo haukugoma, ilikuwa presha na hofu.

Kisha akaniuliza swali lile lile la dada yako: kabla ya ile Jumapili, vya presha nilikuwa navimeza?

Sikuwa navimeza, mama watoto. Miezi minne. Viliniondolea nguvu, au nilidhani hivyo, na nilikuona wewe bado uko vile vile, nikaona haya kukuambia nimeisha. Ulikuwa unanipangia kwenye kisahani kila asubuhi. Nilikuwa navificha shavuni, nikifika karakana navitema kwenye pipa la vyuma chakavu. Na kweli baada ya wiki kadhaa mambo yalirudi. Ndiyo maana tulicheka vile siku ile. Nilikuwa najiona mjanja.

Wewe hukuniua. Nilikuwa najiua mwenyewe kidogo kidogo na nilijua. Uliposema geti nilifumba macho kwa sababu nilishukuru. Geti lilinifunika mimi kuliko lilivyokufunika wewe. Nikakuacha ubebe. Sikujua kama unaona ni kosa lako, lakini sikuuliza pia.

Daktari amenibadilishia vidonge. Ameandika cheti. Nikitaka kuja, nije?

Cheche


10 Aprili

Baba watoto,

Wiki mbili sijakujibu. Nilitaka ujue ilivyo kungoja.

Kila asubuhi nilikuwa nakuletea maji kwenye kile kikombe cha bluu. Unameza, unasema ahsante mama. Miezi minne unasema ahsante mama na dawa iko shavuni. Nimelia kwa hilo kuliko nilivyolia hospitali. Mwaka na miezi nimelala na dhambi ambayo nusu yake si yangu, na mwenye nusu hiyo alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta.

Nilianza kukuandikia maneno makali. Nilifika kwenye neno "mwongo" nikashindwa kuendelea, kwa sababu nilijiona.

Ijumaa nilivaa lile gauni la kitambaa kizito nikaenda karakana. Nilimkuta mkuu ofisini, feni inazunguka, karatasi zimebanwa na nati. Nikamwambia, "Mume wangu hakuanguka akiinua geti. Nilisema uongo mbele yako." Akauliza, sasa ilikuwaje. Nikamwambia, "Alikuwa ametoka kukutana nami mkewe, na alikuwa ameacha dawa zake." Akatazama feni. Akakuna kichwa, akaniuliza kama ninakunywa chai. Nikasema ninakunywa. Tukanywa, na ilikuwa chai mbaya.

Mwisho akasema, "Mama, hata kama ningejua, ningeogopa kumrudisha kwenye moto." Kisha akasema ulete cheti cha daktari. Nafasi yako ya zamani imeshikwa na yule uliyemfundisha. Atakupa kazi nyepesi, nusu siku, madirisha na vitasa, chini yake. Sijui kama utakubali. Nimekuharibia kitu ambacho sikuweza kukirudisha kizima.

Unauliza uje. Njoo. Lakini sijui kama nitakugusa siku ya kwanza, wala ya pili. Na vidonge utameza mbele yangu, utafungua mdomo nione, kama watoto.

Mkeo


15 Aprili

Mama watoto,

Nitafungua mdomo. Nitakubali madirisha. Kijana yule nilimfundisha kushika mkono usitetemeke, sasa zamu yake kunitazama mimi.

Na sabuni ile ya mche imekwisha huku, nitakuja nikinuka lori.

Nafika Jumamosi.

Cheche


9 Mei

Dada yangu,

Uliniomba nikuandikie yakitulia. Hayajatulia yote, lakini naandika.

Wiki ya kwanza tulikuwa kama wapangaji. Anapisha mlangoni, napisha mlangoni. Asubuhi anameza dawa, anafungua mdomo, na mimi naangalia kweli, chini ya ulimi na mashavuni, na sote tunaona haya. Kazini amerudi. Siku ya kwanza yule kijana alimwambia, "Baba, dirisha hili mshono umepinda." Alinisimulia akicheka, kisha akaenda uani kukaa peke yake, na nilijua kimemuuma wapi. Nilimwomba msamaha. Akasema nisiwe naomba kila siku, nimuombe mara moja kwa wiki inatosha.

Wiki ya pili tulikwenda wote kwa daktari wa moyo. Nilimwambia ukweli wa ile Jumapili, aurekebishe kwenye faili. Aliandika, akampima, akamtembeza kwenye ile mashine ya kutembelea papo hapo, akasema mnaweza. Kasema kama anavyosema mnaweza kula chumvi kidogo. Nikauliza mara mbili, akajibu mara mbili. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Hatukuharakisha. Nilirudi chumbani kwangu kwanza, kulala tu. Jumapili iliyopita watoto walikuwa wametoka. Niliogopa sana, dada, sitakuficha. Katikati nilisimama nikamuuliza kama kifua kinabana. Akasema hapana. Baada ya muda mfupi nikauliza tena. Akasema, "Ukiuliza mara ya tatu nitakwenda kuchomelea dirisha." Tukacheka, halafu nikalia, halafu hatukuwa na haraka.

Alipoinuka kwenda kuoga nilimfuata hadi mlangoni. Nilisimama nje nasikiliza maji. Aliimba kwa makusudi ili nisikie, na hajui kuimba.

Bado ule uso wa majivu naota mara moja moja. Yeye pia ana yake, hasemi. Juzi nilimkuta ameshika vidonge kwenye kiganja anavitazama, akanieleza anawaza siku zile za pipa. Nikamwambia ameze tu, maji yanapoa. Wewe nawe acha kuniandikia kila barua kuhusu ile korido. Nimekusikia, na nakupenda.

Leo asubuhi niliamka kabla yake. Alikuwa amelala kimya mno, nikashtuka. Nikaweka mkono kifuani pake, nikangoja. Hakufungua macho. Akaushika mkono wangu akaubakiza palepale, akasema, "Moyo bado unapiga, mama. Lala."

Mdogo wako,
Sindano